Mutupe hesabu, musitupe picha ya hesabu

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kabambare. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wenzetu wa Kasongo, Kindu, Bukavu, Goma na kwingine ambao hawakufika.



Leo sikuja kusema juu ya barabara, hata kama kila mutu hapa anajua barabara ya kwenda Kasongo iko namna gani. Sikuja kusema juu ya silaha pia. Nimekuja kusema juu ya faili. Ndiyo, faili, zile za ndani ya telefone na kompyuta. Naona wengine wanacheka. Mucheke kwanza, kisha munisikilize.

Mufungue telefone zenu. Kila mumoja wetu iko na picha ya karatasi ya leta mule ndani: komunike, orodha ya majina, barua yenye muhuri. Mutu alipiga picha, akaituma kwenye WhatsApp, mwingine akaituma tena, na mwingine tena. Inakufikia ikiwa na ukungu, muhuri umefunika tarehe, namba za mwisho zimekatwa. Unataka kutafuta jina lako kati ya majina mia sita? Unatelezesha kidole mpaka macho inauma. Unataka kujumlisha? Tafuta kalamu. Unataka kumusomea mama yako kwa Kiswahili ile iliyoandikwa kwa Kifaransa? Mara nyingi utaiandika upya neno kwa neno mbele ya kupata musaada mzuri wa kutafsiri. Na mwenzetu asiyeona, ambaye telefone yake inaweza kumusomea maandishi kwa sauti, mbele ya ile picha mara nyingi telefone inanyamaza. Yenyewe haioni herufi pale. Inaona nyeupe na nyeusi tu.

Leta inasema: tulitangaza. Ni kweli, walitangaza. Lakini walitangaza kitu ambacho unaweza kukitazama bila kuweza kukitumia. Sisi tunaodai hesabu tangu miaka mingi tunapaswa kujua tofauti hiyo, juu hapo ndipo hesabu zetu zinapotelea.

Kwanza tuelewane juu ya faili yenyewe. Kila faili iko na muundo, ni kusema namna ambayo maneno na namba zimepangwa ndani yake. Kuna muundo uliofungwa: kampuni moja tu ndiyo inajua kanuni zake zote, na wewe unategemea programu yake ili kuufungua vizuri. Kuna muundo wazi: kanuni zake zimeandikwa na kutangazwa, na fundi yeyote, wa Seoul ao wa Kindu, anaweza kuzisoma na kutengeneza programu ya kufungua faili hiyo, bila kulomba ruhusa na bila kulipa. Mufano wa muundo wazi kwa barua na meza za hesabu ni ODF. Ilikubaliwa mwaka wa 2005 na shirika la OASIS, na mwaka wa 2006 ikawa kanuni ya kimataifa ya ISO, namba 26300. Mufano mwingine, mwepesi kuliko yote, ni CSV: mistari ya maandishi matupu, alama ya koma kati ya kitu na kitu. Hata telefone ya bei ndogo inaifungua.

Na PDF? Wengi watauliza. PDF pia ni kanuni ya ISO tangu 2008, na kwa kusoma tu ni nzuri, kama maandishi ya ndani ni maandishi kweli. Lakini PDF nyingi za ofisi zetu zinatoka kwenye skana: karatasi imechapishwa, imepigwa muhuri, imepigwa picha, ikavalishwa koti ya PDF. Ukivua koti unakuta picha ileile.

Tena picha ni nzito, na uzito hapa kwetu ni feza. Ukurasa mumoja wa maandishi ni kama herufi 2,500, basi ni kama kilobaiti mbili na nusu. Ukurasa uleule ukipitia kwenye skana unaweza kufika kilobaiti 500. Muchukue mukataba wa kurasa 40. Kwa maandishi ni kilobaiti 100. Kwa skana ni megabaiti 20. Ile ya kwanza inashuka hata siku mutandao unachechemea. Ile ya pili inakula megabaiti ulizonunua kwa mabega yako, na inakatika katikati.

Sasa tuje kwenye kitu kinachotuuma hapa nyumbani.

Munajua wote Namoya, pale Salamabila. Kampuni ya Banro ya Canada ilitangaza mwaka wa 2016 kwamba imeanza kutoa zahabu kwa biashara pale. Mwaka wa 2019 ikasimamisha kazi juu ya ukosefu wa usalama. Mambo ya yule aliyehamishwa, ya aliyepoteza shamba, ya aliyepoteza mutoto, tunayasema kila siku na tutaendelea kuyasema. Leo nauliza upande wa makaratasi.

Sheria ya migodi ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Inasema kampuni inayochimba inalipa kodi ya migodi juu ya bei ya kile inachouza, na kwa zahabu ni asilimia 3.5. Feza hiyo inagawanywa: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo dogo la utawala ambamo mugodi iko, ni kusema sekta ao sheferi, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hiyo, kampuni inapaswa kuweka pembeni angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za pale inapochimba.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme, kwa mufano tu, kampuni imeuza zahabu ya dola milioni moja. Kodi ni dola 35,000. Katika hiyo, sekta inapaswa kupata 5,250, na jimbo 8,750. Mufuko wa maendeleo ya jamii unapaswa kupata 3,000. Hesabu hii mutoto wa darasa la sita anaiweza. Haiombi mutaalamu wa Kinshasa. Inaomba kitu kimoja tu: namba ya kwanza. Kampuni iliuza ngapi, mwezi gani, na feza iliingia kwenye konti gani siku gani.

Namba hiyo ikitoka kama meza ya CSV, kila mwezi mustari wake, mutu mumoja wa kundi letu atakaa chini ya mti, atazidisha mara 0.035, kisha mara 0.15, na mbele ya jua kuzama tutajua kama sekta ilipata yake ao haikupata. Ikitoka kama picha iliyopinda, kurasa mia mbili, tutaanza kuandika upya namba moja moja. Tutakosea. Na siku tutakapoleta madai yetu, mukubwa fulani atasema: vijana hawa hawajui kuhesabu, mustari wa kumi na nne wameandika 3 pahali pa 8. Kosa letu la kunakili litakuwa kinga yake.

Mukataba wenyewe pia. Tangu dekreti ya tarehe 20 Mei 2011, mikataba ya migodi, petroli na misitu inapaswa kutangazwa ndani ya siku 60 tangu ianze kufanya kazi. Hiyo ilikuwa ushindi wa kweli, na siidharau. Lakini mukataba uliopita kwenye skana mara nyingi hauwezi kutafutwa ndani. Ukitaka kujua neno «Salamabila» liko ukurasa gani, soma kurasa zote. Wakili wa kampuni iko na siku nzima na mushahara. Wewe uko na saa moja ya moto kwenye betri.

Niwaambie kitu kimoja cha historia, juu ni cha hapa hapa. Mwaka wa 1870, Muingereza David Livingstone alikwama miezi mingi kwenye kijiji alichokiita Bambarre. Wanahistoria wanasema ni Kabambare yetu. Vidonda vya miguu vilimushika. Karatasi zikamwishia, wino ukamwishia. Akaanza kuandika kwenye kurasa za vitabu na magazeti ya zamani, juu ya maandishi yaliyochapishwa, kwa wino aliotengeneza kutoka mbegu za mumea wa huku. Akaendelea hivyo mpaka Nyangwe, na pale, tarehe 15 Julai 1871, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa Kiarabu wakipiga risasi sokoni. Watu mamia walikufa, wengi wanawake. Aliandika yale aliyoyaona.

Wino ulififia. Karatasi zilifika Uingereza, lakini kwa miaka zaidi ya mia hakuna aliyeweza kuzisoma vizuri. Watu walisoma kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1874, kutokana na nakala ambayo Livingstone mwenyewe aliiandika baadaye, na ambayo mutu mwingine aliipitia. Ni mwaka wa 2011 tu watafiti, kwa kamera na mataa ya pekee, walipotenganisha wino wake na wino wa gazeti na kutoa maandishi ya kwanza. Walipolinganisha wakaona kwamba ya kwanza na ya kitabuni hayafanani kila pahali.

Muone jambo hilo. Ushahidi wa wafu wa Maniema, ulioandikwa Maniema, kwa wino wa mumea wa Maniema, ulingoja miaka 140 na mashine za ng'ambo ili usomeke. Livingstone hakuwa na lawama, alitumia kile alichokuwa nacho. Ofisi ya leo yenye kompyuta mezani, inayoandika barua vizuri kwa maandishi, kisha kuichapisha na kuipiga picha mbele ya kututumia, hiyo inafifisha wino kwa kusudi. Ao kwa mazoea, sijui ipi ni mbaya zaidi.

Na wazee wa Kasongo watanielewa nikisema kwamba maandishi yanaweza kubaki mazima na wasomaji wakapotea. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda murefu. Tippu Tip, aliyekuwa na makao Kasongo, maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili na kwa herufi hizo. Kisha ikaja leta ya wakoloni na shule zake, na herufi za Kilatini. Leo ni wangapi kati yetu wanaoweza kusoma barua ya babu wa babu kwa herufi zile? Wenye kutawala walichagua namna ya kuandika, na uchaguzi huo uliamua nani asome.

Tutoke nyumbani kidogo, tuangalie kura.

Mwaka wa 2011, CENI ilitangaza matokeo bureau kwa bureau. Uchaguzi ule ulikuwa na aibu nyingi. Lakini kwa sababu mistari ilikuwa imetolewa, watu waliweza kuona mashimo: Kinshasa peke yake, matokeo ya bureau karibu 2,000 hayakupatikana kabisa. Mwaka wa 2018 tukaletewa mashine ya kupigia kura, ya kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini. Mashine iko na matokeo yake ndani, kwa namba, tayari. Hapo ungesema sasa kila bureau itaonekana kwa dakika moja. Kinyume chake, tarehe 10 Januari 2019 tulisomewa jumla, bila meza ya bureau kwa bureau ya kuipima. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa wametuma waangalizi karibu 40,000, wakasema kile kilichotangazwa hakilingani na kile walichokusanya. Siku tano baadaye, gazeti la Financial Times la London likasema limepata faili ya matokeo kutoka mashine 62,716, sawa na asilimia 86 ya kura. Kufuatana na hesabu ya gazeti hilo, Fayulu alikuwa na asilimia 59.4.

Simulilii mugombea yeyote hapa, na harakati yetu haina mugombea. Nasema hivi: namba za kura yako, wewe wa Wamaza, wewe wa Salamabila, zilipigwa hesabu na gazeti la Uingereza kutoka faili iliyovuja. Faili ilikuwako. Ilikuwa nzuri, yenye mistari, yenye kuhesabika. Haikuwa yako.

Wakenya walifanya namna ingine mwaka wa 2022. Mahakama yao ya Juu ilifuta uchaguzi wa raisi wa 2017, na kati ya mambo yaliyosemwa ni makaratasi ya matokeo na seva ambazo tume haikuzifungua jinsi ilivyoamriwa. Basi mwaka wa 2022 tume iliweka kwenye mutandao fomu 34A za vituo vya kura 46,229, mutu yeyote azichukue. Ni hatua kubwa, tuwapongeze. Lakini zilikuwa picha! Namba zimeandikwa kwa mukono, karatasi zimepigwa picha. Vyombo vya habari vilianza kuzinakili, kila kimoja kwa mwendo wake, kikianza na vituo tofauti. Redio hii inasema fulani anaongoza, televisheni ile inasema mwenzake. Watu wakachanganyikiwa, na mwisho hesabu zile zikapunguza mwendo, zingine zikasimama kabisa. Picha ya fomu ni lazima, juu iko na sahihi za mashahidi. Pembeni yake ilihitajika meza ya namba ili mutu alinganishe hii na ile. Viwili pamoja. Ndiyo maana tukidai, tunadai viwili.

Sasa kuna mwenzetu aliniuliza jana: hizi si tamaa za inchi tajiri? Hapana. Afrika Kusini iliweka ODF katika kanuni zake za faili za serikali mwaka wa 2007. Na mwaka uleule kulikuwa na vita kubwa juu ya jambo hili, vita ya makaratasi. Microsoft ilipoona ODF imekuwa kanuni ya dunia, ilipeleka muundo wake ili nao uwe kanuni, kitabu cha kurasa zaidi ya 6,000. Septemba 2007 kura hazikutosha. Mwaka wa 2008 zikatosha. Afrika Kusini ikakata rufaa, pamoja na Brazil, India na Venezuela. Rufaa zilikataliwa. Lakini muone nani alisimama: inchi za kwetu, za kusini, kwa sababu zilijua bei ya kufungwa kwa mutu mumoja.

Mimi sisemi faili ya docx ni zambi. Leo nayo iko na kanuni iliyotangazwa, na programu za bure zinaifungua, mara vizuri, mara meza zinahama pahali. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ilitutumia orodha. Kwenye telefone safu ya majina ilishuka mustari mumoja na safu ya namba ikabaki juu. Kila mutu akawa na namba ya jirani yake. Siku mbili watu waligombana bure mbele ya mutu kufungua faili ileile kwenye kompyuta ya mwenye programu ileile. Hiyo ndiyo ninaita kufungwa: kama huna programu yao, huna hakika ya kile unachokisoma.

Upande wa programu zenyewe, nitapita haraka. Ofisi nyingi huku zinatumia kompyuta binafsi ya sekretari, yenye programu ya kuiba iliyojaa virusi. Sekretari akihamishwa, anaondoka na kompyuta, na kumbukumbu za leta zinapanda naye kwenye pikipiki. LibreOffice ni ya bure, inafungua ODF, inakwenda kwenye kompyuta ya zamani, na hakuna wa kuiba kwa sababu imetolewa kwa wote. Askari jendarme wa Ufaransa, ambao nao hawana sifa ya kupenda mageuzi, waliacha programu ya kulipia ya ofisi mwaka wa 2005 wakachukua OpenOffice, mama yake LibreOffice. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni moja ya Sweden, kilitoa mwaka wa 2004 OpenOffice ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Hawakungoja mwenye mali akubali kwamba Kiswahili kina faida. Chanzo cha programu kilikuwa wazi, wakaketi, wakatafsiri.

Kiswahili, tena! Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 142, inasema serikali inapaswa kueneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu zitiwe sahihi. Ni nani hapa amekwisha kupokea sheria ya migodi kwa Kiswahili kutoka mukono wa serikali? Nyanyua mukono. Sioni mukono. Watasema hakuna feza ya kutafsiri. Sawa. Basi mutupe maandishi ya Kifaransa yenye kunakilika, sisi wenyewe tutaanza. Kwa picha hata kuanza hatuwezi.

Kuna maneno mawili watakayotupinga nayo, na ni vizuri muyasikie kwangu kwanza.

La kwanza: «Tukitoa faili ya wazi, mutabadilisha namba na kutuchafua.» Kama kwamba picha haibadilishwi! Kila wiki tunaona komunike za uongo kwenye WhatsApp, zote ni picha, zote na muhuri mwekundu murembo. Dawa ni kwamba ofisi iweke faili yake yenyewe pahali pa wazi na tarehe yake, pamoja na skana yenye muhuri. Mutu akileta namba iliyobadilishwa, tunarudi kwenye ile ya ofisi tunalinganisha. Anayeogopa kulinganishwa atuambie juu ya nini.

La pili ni zito zaidi, na limetoka kwa muzee mumoja hapa: «Mwanangu, hata meza ya namba inaweza kuwa ya uongo.» Muzee, ni kweli kabisa. Muundo wazi hauleti ukweli. Mutu anaweza kuandika uongo ndani ya CSV vizuri sana. Lakini uongo wenye namba zinazoweza kujumlishwa unakuwa na kazi ngumu: jumla ya sekta inapaswa kulingana na ya jimbo, ya jimbo na ya Kinshasa, na yote na ile kampuni inayoiambia ITIE kwamba ililipa. Mwongo atapaswa kudanganya pahali pane kwa namba ileile. Wengine watajikwaa. Ndani ya picha hajikwai, kwani hakuna anayemufuata.

Na umeme? Na intaneti? Mbona faili wakati hatuna taa? Sikiliza. Faili ndogo ndiyo ya mutu asiye na umeme. Kilobaiti 100 zinapita telefone kwa telefone kwa Bluetooth, bila mutandao, bila franka moja. Kijana mumoja akizipata Kasongo siku ya soko, kesho yake ziko Kabambare, kesho kutwa ziko Salamabila. Ile ya megabaiti 20 ndiyo ya mutu wa mujini mwenye Wi-Fi.

Basi tunadai nini? Tumeandika barua kwa Administrateri wa teritwari, kwa wakubwa wa sekta zetu, na kopi kwa Gavana wa Maniema. Hatuwaombi wanunue kitu. Tunaomba kwamba kila hesabu ya kodi ya migodi na ya ule mufuko wa asilimia 0.3 itoke kwa njia mbili: karatasi yenye muhuri, na meza ya ODF ao CSV, mwezi kwa mwezi. Tunaomba pia maandishi ya mikataba na vitabu vya masharti ambavyo kampuni inaweka sahihi na jamii, kwa muundo ambao neno linaweza kutafutwa ndani. Na kwamba faili hizo zibaki ofisini hata sekretari akihamishwa. Kwa kura, barua ya CENI ni ingine, tunaiandika pamoja na wenzetu wa majimbo mengine, kwani ile haitoshi kuidai sisi peke yetu.

Tunajua jibu la kwanza litakuwa kimya. Tutarudi kila mwezi na barua ileile, na tarehe za barua zote zilizopita zimeandikwa chini. Wale wanaojua kidogo kompyuta, tunawahitaji: kuna kurasa za skana tulizonazo tayari, na tunataka kuzinakili wawili wawili, kila mumoja kivyake, kisha kulinganisha, ili mustari wa kumi na nne usitusaliti. Kazi inachosha. Haina picha nzuri ya kuweka kwenye Facebook. Atakayejiandikisha aje na daftari, na kama iko na chaja ya jua aje nayo.

Barua iko hapa mezani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Muisome mbele ya kutia sahihi. Faili yake inaingia kwenye kundi leo jioni, kilobaiti kumi na nne, maandishi matupu. Sasa maswali. Tuanze na yule dada wa nyuma.